Kofia ya Distributa



Ninyi mnaofuatilia tafakari hizi za kila juma mmezoea kutuona tukianza na masomo ya Dominika. Juma hili mtuwie radhi, kwani tutaanza na gari. Wengi wenu mnalifahamu: ni Toyota Hilux ya mwaka 1991, yenye injini ya petroli aina ya 22R, kabureta na distributa, gari ambalo limekwisha kubeba magunia ya mavuno, wanakwaya, majeneza, mbuzi wa harambee na, mara moja, kengele ya kanisa. Baadhi yenu mmewahi kulisukuma. Tangu Februari hadi Mei ya mwaka 2024 gari hilo lilitusumbua kwa ugonjwa mmoja usiopona, na katika kuutafuta ugonjwa huo tulimkosea mtu. Kwa kuwa kosa lenyewe tulilitenda hadharani, tumeona si haki kulisimulia chumbani tu.

Kwa wale ambao hawajawahi kufungua boneti, tueleze kidogo. Injini ya gari hilo ina silinda nne. Katika kila silinda pistoni hunyonya mchanganyiko wa hewa na petroli, huubana, cheche ya plagi huuwasha, nao ukiwaka huisukuma pistoni chini, kisha moshi hutolewa nje. Silinda haziwashi kwa pamoja, bali hupokezana: ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya pili. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huwasha mara 25 katika sekunde moja, na zote nne huwasha mara 100. Zikikosekana chache tu kati ya hizo mia, dereva huzisikia mgongoni kabla hajazisikia masikioni. Gari hutetemeka, hupungukiwa nguvu, na bomba la moshi hutoa mlio kama wa mtu anayekohoa ndani ya mtungi. Mafundi wetu husema gari linamisi.

Gari letu lilikuwa linamisi, lakini si kila siku. Hapo ndipo ulipokuwa ugumu. Asubuhi ya Jumatatu lingeenda Mlandizi na kurudi Kibaha likinguruma vizuri kabisa. Jumanne lingekohoa tangu Kwa Mathias hadi Maili Moja. Jumatano tungelipeleka gereji, nalo likifika mbele ya fundi lingenyamaza kama mtoto aliyepelekwa hospitali akasahau mahali palipokuwa panamuuma. Fundi wa kwanza, kijana mwenye mikono myepesi na maneno mengi, alibadilisha plagi zote nne. Gari likapona siku tatu. Akasafisha kabureta. Likapona siku mbili. Akabadilisha chujio la mafuta, kisha koili, na kila kifaa kipya kilituletea matumaini ya siku chache na stakabadhi moja zaidi. Hatumlaumu. Alifanya tulichomwomba, nasi tulimwomba abadilishe kitu, kwa sababu anayebadilisha kitu huonekana anafanya kazi, na anayekaa akitazama huonekana anapoteza muda wetu.

Sasa tufike kwenye usiku wa Jumatano, tarehe 20 Machi 2024, juma la tano la Kwaresima.

Saa mbili na nusu usiku tulipigiwa simu kutoka kigango tunachokihudumia upande wa Kisarawe, ng'ambo ya Mzenga. Mama mmoja mjane, aliyewafundisha watoto wa kigango hicho katekisimu kwa miaka mingi kuliko sisi tulivyo katika upadre, alikuwa amezidiwa na alikuwa akimwomba padre. Tuliweka mafuta ya wagonjwa na Ekaristi katika mkoba wake, tukaondoka. Kutoka Kibaha hadi Mlandizi lami ilitubeba bila shida. Tulipoacha Barabara ya Morogoro na kushika njia ya Mzenga, gari likaanza kukohoa. Tukadhani petroli inakaribia kwisha, maana kipimo cha mafuta cha gari hilo hakijasema kweli tangu enzi nyingine. Kwenye njia panda ya kijiji kimoja tuliona kibatari juu ya meza, na juu ya meza chupa za petroli, zile chupa za maji ya kunywa zilizojazwa mafuta. Biashara hiyo ni ya hatari na sheria haiiruhusu, wala sisi hatuisifu. Lakini mahali ambapo kituo cha mafuta kiko mbali na mgonjwa yuko karibu na kufa, mtu hununua. Tulinunua chupa tano kwa mzee mmoja Mzaramo. Nne tukazimimina katika tangi, ya tano tukaihifadhi nyuma ya kiti. Yule mzee alitumulikia kwa tochi na kutuombea safari njema.

Mwendo wa dakika kumi baada ya hapo mvua ikaanza, njia ikaanza kupanda, na gari likawa baya kuliko lilivyowahi kuwa. Lilikuwa likivuta kidogo na kusita, likivuta na kusita, hadi tukalazimika kusimama kila baada ya kilima. Mahali palipokuwa na utelezi lilizimika kabisa, na tulikaa hapo saa nzima na zaidi tukiwasha na kuomba. Tulifika saa saba kasorobo usiku. Mama alikuwa amefariki saa sita kasoro robo.

Mpako wa Wagonjwa ni sakramenti ya walio hai. Tulisali sala za marehemu, tukakaa na familia hadi alfajiri. Hakuna aliyetulaumu. Binti yake alitupa taulo tujifute matope, akatuletea chai ya tangawizi, akakaa chini mlangoni. Tungependa angetulaumu.

Dominika iliyofuata ilikuwa Dominika ya Matawi, na kigango kilijaa hadi nje. Baada ya Komunyo, wakati wa matangazo, tuliwaambia waamini wajihadhari na petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inayouzwa njiani, kwani usiku wa Jumatano mafuta ya namna hiyo yalituchelewesha kufika kwa mgonjwa. Hatukutaja jina. Hapakuwa na haja, kwa kuwa katika njia hiyo yote kulikuwa na meza moja tu yenye chupa.

Tunawaomba mtambue jinsi ilivyokuwa rahisi. Gari lilikuwa limekohoa tangu Februari, tena kabla hatujaifikia meza yake usiku ule, nasi tulilijua hilo. Lakini lilizidi baada ya kununua kwake, na neno "baada ya" liligeuka kinywani mwetu likawa "kwa sababu ya" bila kusimama katikati hata kidogo. Tena tulikuwa na huzuni, na huzuni iliyochanganyika na aibu hutafuta mtu wa kuibeba. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2477, inaiorodhesha hukumu ya haraka miongoni mwa makosa dhidi ya sifa njema ya jirani: kuliamini kosa la mtu bila msingi wa kutosha, hata kama ni moyoni tu. Sisi hatukuishia moyoni. Tulikuwa na kipaza sauti.

Na hata kwa akili ya kawaida shutuma yetu ilikuwa dhaifu. Wenye umri wetu wanakumbuka miaka ambayo neno "uchakachuaji" lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo ili yawasaidie wananchi wa kipato cha chini, na wafanyabiashara wasio waaminifu wakayachanganya katika petroli na dizeli. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike, na katika bajeti ya mwaka 2011/2012 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita. Tangu hapo faida kubwa iliyokuwa katika kuchanganya iliondoka. Mzee mwenye meza moja na chupa ishirini angechanganya apate nini? Hatukujiuliza.

Baada ya Pasaka, muumini mmoja alitushauri tumwone fundi mzee wa Maili Moja, ambaye sasa hafungui gereji isipokuwa kwa watu anaowapenda au magari anayoyahurumia. Alijifunza ufundi katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi hapo Kibaha, kilicho chini ya Shirika la Elimu. (Vijana wengi wanaopita Tumbi kila siku hawajui kwamba shirika hilo lilitokana na mradi wa nchi za Nordiki na Tanganyika ulioanza mwaka 1963, ukakabidhiwa Serikali ya Tanzania mwaka 1970. Tumetoka njiani kidogo, lakini mahali anapofundishwa mtu huonekana katika kazi yake.)

Fundi huyo hakufungua boneti. Alivuta kigoda, akachukua daftari la shule, akaanza kuuliza. Linamisi likiwa baridi au likiwa moto? Kwenye tambarare au kwenye mlima? Siku ya mvua au siku ya jua? Likiwa limebeba mzigo au likiwa tupu? Tangi likiwa limejaa au likielekea kwisha? Linamisi kwa mpigo unaofanana, tak, tak, tak, au hovyo hovyo? Lilianza lini, na kabla halijaanza mlifanya nini?

Tulikuwa tumeliendesha gari hilo kwa miaka sita, na maswali mengi kati ya hayo hatukuweza kuyajibu. Tulijua tu kwamba linatukera.

"Baba Paroko," alisema akifunga daftari, "gari la namna hii halitibiwi gereji. Twende nalo linakougulia."

Basi siku ya Alhamisi alasiri tulitoka naye Maili Moja, tukashuka hadi Kiluvya, tukakata kulia kuifuata njia ya Mpuyani, kisha tukaanza kupanda kuelekea Kisarawe. Wanaozijua safu za vilima vya Pugu wanajua kwamba hapo gari hulazimika kusema kweli. Fundi alikaa kiti cha abiria, kiganja kimoja juu ya dashibodi, amefumba macho, nasi tulimtazama kwa wasiwasi tukidhani amesinzia. Katikati ya mpando, tukiwa tumekanyaga mafuta hadi chini, gari likaanza kusita. Akainua kidole kimoja. "Punguza mafuta." Likatulia. "Kanyaga." Likasita. "Rudi gia ya pili, uende pole pole." Likatulia tena. Akafumbua macho akiwa na furaha ambayo hatukuwa na sehemu ndani yake.

Alitueleza tukiwa tumeegesha kando ya barabara. Cheche ya plagi inatakiwa kuruka pengo dogo, katika injini hiyo milimita 0.8. Ili iruke, koili huugeuza umeme wa betri wa volti 12 kuwa wa maelfu mengi ya volti. Injini inapounguruma bila kwenda, hewa inayoingia katika silinda ni kidogo, mgandamizo ni mdogo, na cheche huruka kwa urahisi. Mlimani, mafuta yakikanyagwa, silinda hujaa, mgandamizo hupanda, na umeme huhitaji nguvu nyingi zaidi ili kuruka pengo lile lile. Ikiwa mahali pengine popote kuna njia nyepesi zaidi, umeme utapita huko na plagi itakosa. Ndiyo maana gereji gari lilikuwa zima. Gereji haina mlima.

"Basi tutafute hiyo njia nyepesi," tulisema.

"Hatutaiona kwa mwanga huu. Tusubiri usiku."

Tulisubiri Kisarawe mjini. Tulikula mihogo ya kuchoma na chachandu, adhana ya magharibi ikaadhiniwa, akaenda msikitini kuswali nasi tukasali masifu ya jioni ndani ya gari. Giza lilipokuwa limekamilika tulitoka nje ya mji mahali pasipo na taa. Fundi aliweka gogo mbele ya gurudumu, akafungua boneti, akatuagiza tukae kwenye usukani tuiongezee injini mwendo, na asiwashe mtu tochi wala simu. Kisha akachovya vidole katika kopo la maji, akanyunyiza juu ya nyaya za plagi na distributa kidogo kidogo. Alikuwa anafanana sana na sisi tunavyonyunyiza maji ya baraka, hata tukacheka, naye akacheka bila kujua sababu.

"Njooni mwone. Mikono mgongoni, msiguse kitu."

Tulikwenda. Nyaya zilikuwa giza tupu. Lakini ubavuni mwa kofia ya distributa, kile kifuniko cheusi chenye nyaya tano kinachogawa umeme kwa kila silinda kwa zamu yake, kulikuwa na uzi wa mwanga wa samawati, mwembamba kama unywele, ukikimbia kutoka juu hadi kwenye chuma, ukipotea, ukirudi. Ulionekana kama kimulimuli aliyenaswa. Kwa miezi mitatu umeme ulikuwa ukipita hapo badala ya kwenda kwenye plagi, na mchana kweupe tulikuwa tukiutazama uso kwa uso pasipo kuuona. Siku za mvua unyevu uliipanua njia yake. Usiku ule wa Jumatano tulikuwa na mlima na mvua kwa pamoja.

Fundi alizima injini, akangoja kidogo, akaifungua kofia na kuileta chini ya taa ya ndani. Ufa ulikuwa mdogo, umejaa vumbi jeusi la kaboni lililoachwa na cheche zenyewe, na kila cheche iliyopita iliinyoosha njia ya ile itakayofuata. Akaufuata kwa kucha hadi ulipoanzia. Ulianzia kwenye tundu la skrubu.

"Hapa paliwahi kukazwa kwa nguvu mno. Kofia hii ni plastiki ngumu, haitaki nguvu. Nani aliifunga mara ya mwisho?"

Hakuna fundi aliyeifunga. Mwezi Januari, tulipovuka maji bondeni na gari likazima, sisi wenyewe tuliifungua kofia hiyo tukaifuta kwa kitambaa, tukawasha gari, na tukajisifu njia nzima hadi nyumbani. Tuliikaza kwa bisibisi kubwa, kwa mikono yote miwili, ili isiingie maji tena.

Tulimwambia. Akasema "aa," akaandika katika daftari.

Wanafunzi walipokutana na yule mtu aliyezaliwa kipofu, katika sura ya tisa ya Injili ya Yohane, swali lao la kwanza lilikuwa ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Tumeihubiri sura hiyo mara nyingi, na kila mara tulijiweka upande wa Bwana Yesu. Usiku ule nje ya Kisarawe tulitambua kwamba muda wote tulikuwa tumesimama pamoja na waliouliza, na kwamba hata swali lao lilikuwa la heshima kuliko letu, maana wao angalau waliuliza.

Njiani kurudi tulimsimulia fundi habari ya chupa. Hakutuhukumu, aliuliza tu kama tuliyapima mafuta. Tulisema hapana. Akauliza kama yamebaki. Tukakumbuka ile chupa ya tano, ambayo ilikuwa bado nyuma ya kiti. Tulipofika Maili Moja aliomba karatasi nyeupe, na karatasi pekee iliyokuwamo garini ilikuwa ya matangazo ya parokia. Akageuza upande usioandikwa, akadondosha matone machache, akaiacha hewani mbali na jiko. Petroli safi, alisema, hukauka yote na kuacha karatasi kama ilivyokuwa. Mafuta ya taa hayaondoki upesi, huacha duara la mafuta. Baada ya muda mfupi akatupa karatasi. Tuliigeuza huku na huku chini ya taa. Haikuwa na alama yoyote.

Hapa ingefaa tuseme kwamba kesho yake tulikwenda kumwomba radhi yule mzee. Hatukwenda. Kofia mpya ilifungwa, safari hii kwa mikono ya fundi, na gari likapanda kila mlima bila kusita. Lakini baada ya siku kumi hivi tulitambua kwamba likiwa limesafiri mbali na kupata moto, likisimama bila kwenda, bado lilikuwa linatetemeka kidogo, tak, tak, tak, kwa mpigo unaofanana. Nasi tukajiambia kwamba tusiharakishe. Huenda tatizo bado halijajulikana lote. Huenda mafuta nayo yalichangia kitu fulani. Tuliyasema hayo tukiwa na ile karatasi katika droo ya meza yetu. Mtu anayechelewa kuomba msamaha hapungukiwi sababu, na sababu yetu ilikuwa silinda.

Fundi aliliona tena gari hilo mwanzoni mwa Mei. Alichomoa waya wa plagi moja moja injini ikiwa inaunguruma. Alipochomoa wa kwanza injini ikayumba. Wa pili ikayumba. Wa tatu haikujali hata kidogo. Silinda isiyofanya kazi haionekani ikiondolewa, hiyo ndiyo dalili yake. Akapima mgandamizo. Silinda tatu zilikuwa karibu na kipimo cha 160, na ya tatu ilikuwa 110. Akamimina kijiko kimoja cha oili katika tundu la plagi yake na kupima tena. Kama ringi za pistoni ndizo zilizochakaa, alisema, oili ingeziba na kipimo kingepanda. Hakikupanda. Basi uvujaji ulikuwa juu, kwenye valvu.

Alifungua kifuniko cha juu injini ikiwa ya moto na kupima tapeti kwa vibamba vyembamba vya chuma. Valvu ya kutolea moshi ya injini hiyo hutakiwa kuachiwa nafasi ya milimita 0.30. Ile ya silinda ya tatu haikuwa na nafasi yoyote. Valvu ilikuwa ikishikiliwa wazi kidogo kila injini ilipopata moto, na mgandamizo ulikuwa ukitokea hapo. Tangu gari liingie parokiani hakuna aliyewahi kurekebisha tapeti zake. Kazi ilichukua chini ya saa moja, wala haikuhitaji kifaa kipya hata kimoja. Kipimo kilipanda hadi 145. Fundi alisema valvu imeungua kidogo pembeni na siku moja silinda hedi itabidi ifunguliwe, ila si mwaka huu.

Gari lilipotulia, hatukubakiwa na kisingizio. Katekisimu hiyo hiyo, namba 2487, inafundisha kwamba kosa dhidi ya haki na ukweli hudai fidia hata likiwa limesamehewa. Jumamosi, mkesha wa Pentekoste, tarehe 18 Mei 2024, tulikwenda.

Meza ilikuwapo, lakini chupa zilikuwa chache. Mzee alikuwa ndani ya kibanda. Tulipiga hodi.

"Karibuni."

"Shikamoo, mzee wetu."

"Marahaba, Padri." Akatutolea mkeka, akatukalisha kivulini chini ya mkorosho. Alitujua. Alijua pia yaliyosemwa kanisani, kwa maana yalimfikia kabla hatujamaliza kuvua kanzu. Vijana wa bodaboda, Wakristo kwa Waislamu, walikuwa wameacha kununua kwake. Wawili walikuja kudai fedha zao, naye akawarudishia ili yaishe. Hayo tuliyapata kwa jirani yake. Yeye hakuyasema.

Tulimweleza yote: kofia, ufa, bisibisi yetu, tapeti, na kwamba tulikuwa na karatasi tangu Aprili. Tulimwambia tumemvunjia heshima kwa jambo ambalo hakulifanya, na kwamba kesho tutalisema kwa sauti ile ile na mahali pale pale. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alipokwisha kutusikiliza aliuliza habari moja tu, kama yule mama aliwahi kuonana na padre kabla hajafa. Tulisema hapana. Akasema alimfahamu, alikuwa akinunua kwake mafuta ya taa ya taa yake, na walikuwa wakitaniana. Tukakaa kimya kwa muda.

Kesho yake tulilisema, kabla ya mahubiri, si wakati wa matangazo. Baadhi ya waamini walituambia baadaye kwamba padre hapaswi kujishusha namna hiyo mbele ya watu wa dini nyingine. Tuliwasikiliza. Hatukubaliani nao.

Tukirudi siku ile ya Jumamosi: tulipotaka kuondoka tuliomba chupa mbili. Alizileta. Tulipotoa fedha hakuzipokea. Aliwaita vijana watatu wa bodaboda waliokuwa wameegesha ng'ambo ya barabara, wakaja pole pole, mmoja akiwa bado amevaa helmeti. Akatuomba karatasi. Safari hii tulikuwa nayo mfukoni. Aliishika kwa ncha za vidole, akafungua moja ya chupa mbili tulizozichagua sisi, akadondosha matone matatu, kisha akailaza juu ya meza na kuibana kwa jiwe ili upepo usiichukue. Tulisimama wote sita tukiitazama ikikauka.